Upande wa Nyuma wa Kadi

Ukisema neno "kadi" mahali wakimbizi wako, hakuna mtu anafikiria mchezo. Anafikiria kadi ya chakula, kadi ya familia, kadi ya kliniki ya mtoto. Anaanza kujipapasa mfukoni aone kama yake iko salama. Lakini kuna watu wengi duniani wakisikia "kadi" wanafikiria picha ndogo ya mchezaji, ya kukusanya, kubadilishana na kuuza. Huko Kanada watoto na wazazi wao wanafanya hivyo na kadi za hoki ya barafu. Ulaya wanafanya na stika za mpira wa miguu. Na hapa Nalufenya, Jinja, vijana ninaofanya nao kazi wanafanya na kadi walizochora wenyewe kwa biki.

Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua hadithi na mashairi. Leo nataka kuchambua kadi. Kadi nayo ni maandishi. Ina mbele na nyuma, ina mwandishi hata kama jina lake halionekani, na ina mtu inayemzungumzia. Hoja yangu ni kwamba kadi inapimwa vizuri zaidi ukiigeuza. Mbele kila mtu anapendeza. Nyuma ndiyo unaona nani aliandika, alijua nini, na kama mwenye sura aliulizwa.

Nianze na kadi yenye bei kubwa.

Hoki ya barafu, kwa ambaye hajaiona, ni mchezo wa watu wanaoteleza juu ya barafu wakiwa na viatu vyenye chuma chembamba chini. Wanatumia fimbo kusukuma kidude cha duara, bapa, kigumu, wakitafuta goli. Mchezaji anayesifiwa kuliko wote ni Wayne Gretzky, aliyezaliwa Ontario mwaka 1961. Mwaka 1979 kampuni ya pipi ya Kanada inayoitwa O-Pee-Chee ilitoa kadi yake ya kwanza, namba 18, yenye mpaka wa buluu. Iliuzwa ndani ya pakiti pamoja na ubani wa kutafuna. Mtoto yeyote mwenye sarafu mkononi angeweza kuipata. Mwaka 2021 kadi moja ya namna ile iliuzwa kwa dola milioni 3.75.

Kwa nini? Si kwa sababu ilichapwa moja. Zilichapwa nyingi. Lakini watoto walizitia mfukoni, wakazifunga na mipira ya raba, wakazipeleka shule, zikapinda na kuchubuka. Tena ule mpaka wa buluu unaonyesha kila mkwaruzo, na mashine za kukata za kiwanda kile ziliacha kingo mbaya. Zilizobaki safi kabisa ni chache sana. Kuna kampuni zinazofanya kazi ya kupima tu: wanaangalia pembe nne, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati, halafu wanatoa alama mpaka 10 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Ile ya milioni 3.75 ilipata 10.

Sasa fikiria maana yake. Kadi yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtoto aliyecheza nayo. Kukunjika ni hasara, kushikwa ni hasara. Mimi sichekeshwi na wakusanyaji wa kadi, maana nimesoma habari zao na naona wana upendo wa kweli na ujuzi mkubwa. Wanajua mwaka, kiwanda, karatasi, hata makosa ya uchapaji. Lakini nikiwa mhakiki lazima niseme kwamba kipimo chao kinapima karatasi, hakimpimi Gretzky.

Geuza kadi za namna hii. Nyuma utakuta jina, urefu, uzito, mahali pa kuzaliwa, timu, na jedwali la namba: mechi ngapi, magoli mangapi. Vitenzi ni vichache sana. Ni maandishi ambayo karibu hayasemi mtu alifanya nini, yanasema tu amehesabiwa kiasi gani.

Msomaji wa kambini, si unayajua maandishi ya namna hii? Toa karatasi yako ya familia. Jina. Jinsia. Tarehe ya kuzaliwa, na kwa wengi wetu ni tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyekuwa na cheti na karani alihitaji kujaza nafasi. Nchi ya asili. Idadi ya watu katika nyumba. Namba ndefu. Picha ndogo ambayo uliambiwa usicheke. Kama kazi ya uandishi, karatasi hii na kadi ya hoki ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinamchukua mtu mzima na kumweka mahali pa upana wa kiganja.

Tofauti iko hapa. Kadi ya mchezaji ikichubuka, mwenye kuikusanya anapoteza pesa. Yako ikichubuka mpaka namba haisomeki, wewe ndiye unapanga foleni tena. Tofauti nyingine ni kwamba Gretzky anajulikana hata bila kadi. Wengi wetu, kwa ofisi nyingi, tunajulikana kwa kadi tu.

Nasema hivi nikijua kadi zetu zina kazi. Bila orodha, chakula kingeliwa na wenye nguvu. Karani aliyeandika 1 Januari hakuwa na nia mbaya. Shida inaanza pale mtu anaposoma karatasi ile na kudhani amemsoma mtu.

Tuje kwenye mpira wa miguu, ambao ni wa kwetu zaidi. Kampuni ya Panini ilianzishwa na ndugu wa familia hiyo mjini Modena, Italia, mwaka 1961, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Unanunua pakiti bila kujua ndani kuna nani, unabandika, ukipata wawili sawa unabadilishana na jirani. Mpaka leo, kila Kombe la Dunia, watu wazima wanakutana barabarani na marundo yao mkononi wakitafuta namba waliyokosa. Ni mchezo mzuri kwa sababu hauwezi kuucheza peke yako. Mwenye ziada anamhitaji mwenye pengo.

Lakini albamu nayo ina msimamo wake, hata kama haikusudii. Katika albamu ya Hispania 1982, timu kubwa zilipewa stika moja kwa kila mchezaji. Wachezaji wa timu zilizohesabiwa kuwa ndogo, wakiwemo wa Kameruni na Algeria, waliwekwa wawili wawili kwenye stika moja. Nusu mtu na nusu mtu. Halafu mpira ukaanza. Tarehe 16 Juni, mjini Gijón, Algeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2 kwa 1. Kameruni ikatoka sare mechi zake tatu zote na kurudi nyumbani bila kufungwa na mtu, ikiwa na Thomas N'Kono golini na Roger Milla mbele. Aliyepanga albamu alikuwa ameshachapa. Hii ndiyo hatari ya kila kadi: inaandikwa kabla ya mechi.

Wacongomani watakumbuka mfano mwingine, unaouma. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika, na ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ukiandika nyuma ya kadi kwa kawaida ya kadi, itasoma hivi: mechi 3, kufungwa 3, magoli ya kufunga 0, ya kufungwa 14. Uskoti 2, Yugoslavia 9, Brazili 3. Namba zote ni kweli. Na ile picha ambayo dunia imeicheka miaka hamsini: Brazili wanapewa mpira wa adhabu, Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla hawajaugusa. Akapewa kadi ya njano, na watangazaji wakasema hawa hawajui sheria.

Mwepu alijua sheria. Miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwamba alifanya vile kwa hasira, kwa sababu wachezaji walikuwa hawalipwi pesa zao. Mobutu na watu wake walikuwa juu ya vichwa vyao muda wote. Kwa hiyo ile teke ilikuwa sentensi. Ilikuwa na kitenzi, na ilikuwa na mtu wa kusemwa. Lakini nyuma ya kadi hakuna safu ya kuandika "aliudhika, na alikuwa na haki".

Hoki nayo si mbali na Jinja kama unavyofikiri. Naongelea hoki ya nyasi sasa, ile ya fimbo na mpira mgumu. Uganda ilipeleka timu ya hoki ya wanaume Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na wengi wa wachezaji wake walikuwa Waganda wenye asili ya Kiasia. Angalia tarehe. Tarehe 4 Agosti mwaka ule Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na muda uliowekwa ukawa siku 90. Michezo ya Munich ilifunguliwa tarehe 26 Agosti. Maana yake wale vijana walivaa jezi ya Uganda na kukimbia kwa ajili ya Uganda wakati siku zilikuwa zinahesabiwa nyumbani kwao. Ukipita Main Street hapa Jinja, tazama juu ya maduka: majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa kwenye kuta bado yako. Wenyewe waliondoka na masanduku.

Kama ningepewa kadi tupu ya mmoja wao nijaze, ningekwama kwenye neno moja, "nchi". Ningeandika nini? Na ya John Akii-Bua je, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 za kuruka viunzi katika michezo hiyo hiyo, kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia? Mwaka 1979 vita vilipofika, naye alikimbilia Kenya na akajikuta kambi ya wakimbizi. Dhahabu iko kwenye jedwali. Kambi haina safu.

Na hoki ya barafu yenyewe ilifika Nairobi, katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari. Pale ndipo ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo, wakagawana wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ambayo pia huuza kadi za hoki, iliwapeleka Kanada wakacheza mechi, na wachezaji nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia chumba cha kuvalia na kuwa wenzao siku ile. Filamu fupi iliyotengenezwa inatoa machozi. Nimeitazama zaidi ya mara moja na sikatai furaha ya wale vijana, ni ya kweli. Ila kama mhakiki naona filamu ile ni mbele ya kadi. Inang'aa, imekaa katikati, pembe zote safi. Nyuma yake ningetaka kusoma: siku za kawaida wanalipia barafu vipi? Viatu wanagawana watu wangapi? Mwaka uliofuata walicheza na nani?

Sasa nifike kwa watoto wa hapa.

Kikundi chetu kina watoto wa Congo, wa Sudan Kusini, na Wasoga wa mtaa, wa miaka kumi na moja mpaka kumi na sita. Wengine familia zao zilitoka kambini kutafuta kazi mjini. Kadi zao wanakata kwenye katoni za sabuni na biskuti, ukubwa wa kiganja. Mbele wanachora mchezaji wa timu yetu, nyuma wanaandika. Sheria walijiwekea wenyewe: huwezi kuchora kadi yako, lazima mwenzako akuchore, na wewe unachora mwingine. Zilipofika kadi thelathini soko likaanza. Kadi ya kawaida inabadilishwa na kadi ya kawaida. Kadi ya mfungaji inataka mbili, au kipande cha muwa.

Nizichambue bila upendeleo. Michoro mingi ni ya kuiga: kila mtu ana nywele za Neymar hata yule mwenye kipara cha shule. Wasichana ni wachache kuliko walivyo uwanjani, na hilo nimewaambia. Sentensi nyingi za nyuma ni za uvivu: "anapenda mpira", "ni mchezaji mzuri". Hizo nazipa alama 3.

Lakini kuna nyingine. Kadi ya kipa wetu, nyuma imeandikwa: "Mpira ya chini anadaka yote. Ya juu anafunga macho. Kama amekula asubuhi hafungi macho." Hizo ni sentensi tatu. Ndani yake kuna ufundi, kuna hofu, na kuna habari ya nyumba ambayo hakuna fomu imeiuliza vizuri. Kadi ya msichana wa winga wa kulia inasema: "Anakimbia kushinda boda. Alijifunza kukimbia Ituri." Mwandishi hakueleza zaidi, na alifanya vizuri kuachia hapo. Kadi ya kijana mmoja mdogo wa akiba inasema: "Hajacheza bado. Anashika maji. Anajua jina ya kila mtu." Mimi kadi ile ningeipa 10, na ina doa la mafuta.

Soko lao nalo lina somo. Familia moja ilipopata safari ya kuhamia ng'ambo, kadi ya mtoto wao ilipanda bei mchana mmoja. Kabla ilikuwa moja kwa moja. Baada ya ndege, watu walikuwa wanatoa nne na aliyenayo anakataa. Mwanzoni nilidhani ni biashara tu, kama ya Gretzky, kitu kimekuwa adimu. Nikawasikiliza. Walikuwa wanaitafuta ili waisome. Kadi ile sasa imechakaa kuliko zote, pembe zimeisha kabisa, na bei haijashuka. Hapo ndipo naona watoto wamewashinda wenye makasha ya plastiki. Kwao kadi ikishikwa sana ndiyo inapata thamani.

Halafu akaja mgeni, mtu mwema, akitembelea vikundi. Akazipenda. Akataka kununua zote kwa shilingi elfu hamsini, apeleke kwao watu wazione. Mjadala ulichukua siku mbili na ulikuwa mkali. Mmoja akasema elfu hamsini ni mpira mpya na chenji. Mwingine akasema, "Yangu auze, lakini mimi siko ya kuuza." Msichana wa winga akasema jambo moja tu: yule mgeni asome kwanza nyuma, halafu amuulize yeye kama habari ya Ituri iende Ulaya.

Wapo watu wazima waliosema watoto wasiuze kabisa, eti ni kuuza utu. Mimi sikubaliani. Wakusanyaji wa Kanada wanauza, Panini inauza, na hakuna anayesema wamepoteza utu. Kwa nini mtoto mkimbizi ndiye afanye kazi nzuri halafu atoe bure kama zawadi kwa wageni? Kazi ina bei. Waswahili wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kadi hizi hazikujitembeza, zilifuatwa. Lakini kadi ya mtu hai ina wenyewe wawili: aliyeichora na aliyechorwa. Watoto wakaamua hivi: kadi itauzwa ikiwa wote wawili wamekubali, pesa wanagawana, na mwenye sura ana ruhusa ya kufuta au kuongeza nyuma kabla haijaondoka. Mwishowe ziliuzwa kumi na moja. Ya winga haikuuzwa. Ya aliyesafiri hata haikuwekwa mezani, kwa sababu mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Nimesoma sheria nyingi za mashirika juu ya picha za watoto. Hii ya watoto ni fupi kuliko zote na naiona ni bora.

Kwa hiyo, ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, na mnasoma kurasa hizi, nawaomba kitu cha kawaida. Ripoti zenu na mabango yenu yana sura zetu mbele, zimepigwa vizuri, mwanga mzuri. Geuzeni. Kama nyuma kuna umri, nchi na idadi ya walionufaika tu, hiyo ni stika ya 1982, nusu mtu. Muulizeni mwenye sura aandike sentensi moja yenye kitenzi. Akikataa, basi amekataa, na picha ibaki kwake.

Na sisi wenyewe, kaka na dada zangu wa kambini, tusingoje. Katoni zipo, biki ni shilingi mia kadhaa. Mchore jirani yako, mtu ambaye hayuko kwenye bango lolote: anayeshika maji, anayepanga foleni ya bomba, mama anayejua jina la kila mtu. Andika nyuma kile unachokijua kwa macho yako, halafu mpelekee asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema umekosea, mpe biki.